Benecke naye atajwe

Makala yenu kuhusu ndugu wawili Grimm na kamusi yao ya Kijerumani nimeisoma yote, nashukuru. Ila imeniuma kuona Georg Friedrich Benecke hakutajwa hata mara moja. Huyu (1762–1844) alikuwa mkutubi na profesa kule Göttingen, Ujerumani, na ni miongoni mwa watu wa kwanza kufundisha Kijerumani cha enzi za kati chuo kikuu, wakati heshima yote ilikuwa ya Kilatini na Kigiriki. Alishikilia kwamba neno la kale lisisomwe kwa maana ya leo. Chukueni hôchgezît: Mjerumani wa sasa ataona harusi, kumbe zamani ilikuwa sikukuu yoyote kubwa. Ukikosea hapo, ubeti mzima unapinda. Mwaka 1827 alihariri Iwein, utenzi wa enzi za kati wa mshairi Hartmann von Aue, pamoja na Karl Lachmann, aliyekuwa mwanafunzi wake, na 1833 akatoa kamusi ya utenzi huo peke yake. Kamusi nzima kwa utenzi mmoja! Maandalizi aliyoyaacha ndiyo yaliyozaa kamusi kubwa ya Kijerumani cha enzi za kati iliyotolewa na Wilhelm Müller na Friedrich Zarncke. Mhariri, tafadhali mumwandikie makala yake.