Mtoto Anayesoma Kabla ya Wenzake: Arushwe Darasa au Asubiri?

Kila mwisho wa mwaka, uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza unapoanza, wapo wazazi wa Ilazo, Nzuguni na Kisasa hapa Dodoma wanaofika kwa mwalimu mkuu na ombi lilelile: mtoto ana miaka minne au mitano, anasoma, anajumlisha na kutoa kwa kichwa, basi aanze darasa la kwanza moja kwa moja, au hata arushwe hadi la pili. Si haki kulichukulia ombi hilo kuwa majivuno. Mtoto anayejua kusoma, akikalishwa mwaka mzima kuimba irabu, huishia ama kusumbua wenzake ama kunyamaza, na mwalimu mwenye darasa lililofurika huuona usumbufu kabla ya kuuona uwezo. Kibaya zaidi, mtoto huyo huzoea mapema kwamba shule haihitaji juhudi, na somo gumu litakapomkuta sekondari atakuwa hajawahi kuhangaika na jambo asilolijua.

Mfumo wetu nao haumsaidii mzazi huyu. Shule za vipaji maalumu tunazo, na mojawapo, Msalato ya wasichana, ipo hapa hapa Dodoma. Lakini ni ya sekondari, na mlango wake ni matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Kwa mtoto wa miaka mitano hakuna mpango unaolingana na huo, ndiyo maana kuruka darasa huonekana kuwa njia pekee.

Hata hivyo, hesabu ya umri inanitia wasiwasi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, kwa hiyo mtoto anayeanza darasa la kwanza na miaka 6 ataingia kidato cha kwanza akiwa na miaka 12. Akianza na miaka 5, ataingia na 11. Akirushwa tena, ataingia na 10, na pengine ni shule ya bweni, ambako atajifulia nguo na kulala miongoni mwa wenzake waliokwisha kubalehe.

Kuna pia suala la mkono. Mtoto anaweza kusoma tarakimu zote 20 za tokeni ya umeme wa LUKU kwenye simu ya mama yake bila kukosea, lakini ukimpa penseli, baada ya mistari mitatu vidole vimechoka na herufi zinapanda na kushuka. Darasa la pili linadai kunakili ubaoni kwa kasi, na huko ataonekana mzito kwa jambo lisilohusiana na akili yake. Zaidi ya hayo, kusoma mapema si lazima kuwe kipaji, maana wengine wamekaririshwa tu. Mpe sentensi kama “Mvua zilikatika mapema, mtama ukakauka,” kisha umwulize mwaka huo nyumbani watakula nini; jibu lake litakueleza mengi kuliko kasi ya kusoma kwake.

Kwa maoni yangu, palipo na walimu wawili walio tayari kupatana kuhusu ratiba, mtoto abaki na rika lake katika awali, ila vipindi vya kusoma na hesabu akae darasa la kwanza au la pili. Kurushwa kuamuliwe baadaye, mwandiko ukishakomaa na kabla ya upimaji wa darasa la nne, na mtoto mwenyewe aulizwe. Lakini katika shule ya kijijini Bahi au Chamwino, ambako mwalimu mmoja ameshika awali na darasa la kwanza kwa pamoja, na mtoto wa awali tayari anajibu maswali ya wakubwa, nisingemzuia mzazi anayeomba asogezwe mbele.