Anayerudi kundini: mbele ya usharika au ofisini?

Katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania, kuna Jumapili ambazo mchungaji huita jina la mtu "anayerudi kundini", yaani mshirika aliyezuiwa Meza ya Bwana kwa sababu ya kosa. Aliyetajwa hutoka kwenye benchi lake, husimama mbele, huulizwa maswali, huombewa, kisha huruhusiwa tena kushiriki Meza ya Bwana. Akinamama hupiga vigelegele. Ila kabla ya vigelegele, kila jicho limeshuka hadi tumboni, maana mara nyingi aliyesimama pale ni binti aliyepata mimba nje ya ndoa.

Wanaoutetea utaratibu huu si wakatili. Mtu akipokelewa hadharani, minong'ono huishiwa nguvu: mambo yamekwisha, na wote wameshuhudia. Paulo naye aliwataka Wakorintho wamsamehe mkosaji wakiwa kanisa zima, asije akamezwa na huzuni.

Wanaoupinga hukimbilia Luka 15, kwa baba aliyemkumbatia mwana mpotevu kabla hajamaliza kuungama. Sawa, lakini husahau kwamba kaka mtu alizijua habari za karamu kwa mtumishi, akagoma kuingia. Aliyebaki nyumbani naye ana neno lake.

Kanisa la kale lilikutana na jambo zito kuliko haya. Mwaka 250 Kaisari Decius alilazimisha watu watoe sadaka kwa miungu ya Roma. Wakristo wengi walitii. Wengine walinunua tu hati za kuonyesha kwamba wametii. Dhoruba ilipotulia, wakabisha hodi kanisani. Novatian, kasisi wa Roma, akawafungia mlango. Cyprian, askofu wa Carthage huko Afrika Kaskazini (ambaye naye wakati wa mateso alikuwa mafichoni), alikutana na wenzake mwaka 251, wakapambanua: wa hati wapokelewe baada ya kila mmoja kusikilizwa, waliotoa sadaka wakae katika toba ndefu. Mateso mapya yalipoanza kunukia, hata hao wakafunguliwa mlango, kwa hoja kwamba anayekwenda vitani hanyimwi chakula, yaani Meza ya Bwana.

Kupambanua huko ndiko kunakokosekana kwetu. Sisi tunapima kwa kinachoonekana. Mimba inaonekana, aliyeisababisha pengine anaimba besi kwaya ileile. Mweka hazina aliyekula sadaka huhama kimyakimya na barua yake ya utambulisho. Na wapo wasiorudi kabisa: huvuka barabara hadi kanisa la maturubai, kusikoulizwa kitu, mpaka siku ndugu wanapokuja kuomba mchungaji wa kuzika.

Kwa maoni yangu, aliyeuibia usharika asimame mbele ya usharika, kwa kuwa hao ndio kaka mtu aliyedhulumiwa. Binti anatosha kuongea na mchungaji na mzee wa kanisa mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Na yule wa besi aitwe wiki hiyohiyo.