Eti "ana mbio tu"

Kijiweni petu kuna hukumu isiyo na rufaa. Winga akichapuka mpaka karibu na kibendera, halafu krosi yake ikamwendea muuza karanga, lazima mmoja atasema: "Huyu ana mbio tu." Linaloniudhi hapo ni hilo "tu". Kila nikilisikia namkumbuka Bob Hayes, Mmarekani wa Jacksonville, Florida, mtu pekee hadi leo mwenye dhahabu ya Olimpiki na pete ya ubingwa wa Super Bowl, fainali kuu ya mpira wa Kimarekani.

Kwenye fainali ya mita 100 mjini Tokyo, tarehe 15 Oktoba 1964, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo watembea haraka wa kilomita 20 walikuwa wameshaichimbachimba. Enzi zile njia za kukimbilia zilikuwa za changarawe za makaa, hazikuwa huu mpira laini wa leo. Juu ya hayo, kiatu chake kimoja kilibaki chini ya kitanda, ikabidi aazime. Akamaliza kwa sekunde 10.0, akaifikia rekodi ya dunia, na Enrique Figuerola wa Cuba akaonekana kama aliyechelewa kusikia bastola. (Kesho yake, uwanja uleule, Wilson Kiprugut aliipa Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Ndiyo maana Tokyo ile kwetu ina jina jingine kabisa.)

Alikuwa na miaka 21, na baada ya michezo ile hakushindana tena kwenye riadha. Olimpiki ya wakati huo ilikuwa ya ridhaa: ukilipwa kwa kucheza, mlango umefungwa. Dallas Cowboys, timu ya mpira wa Kimarekani, walikuwa wameshamchagua tangu Desemba 1963, raundi ya saba ya timu kugawana wachezaji wa vyuo, kama mtu anayenunua tiketi ya bahati nasibu kwa chenji iliyobaki. Wengi walimwona mwanariadha aliyepotea njia. Walisahau kwamba kule Chuo Kikuu cha Florida A&M alipelekwa na mpira wa Kimarekani, na kocha wake, Jake Gaither, alimtaka uwanjani kwanza. Hayes alikuwa mchezaji mpira aliyejaliwa kukimbia.

Msimu wake wa kwanza, 1965, alidaka pasi 46, akavuna yadi 1,003 na kufunga tachidauni 12 (yaani mara 12 aliufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani). Lakini kwangu mimi takwimu hizo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ipo kwa mabeki. Mpaka hapo ilikuwa kawaida kumkaba mpokeaji mtu kwa mtu: mmoja ananata na mmoja. Sasa nani angenata na binadamu mwenye kasi kuliko wote duniani? Timu zikalazimika kukaba nafasi badala ya kukaba mtu, na kumsukuma pale anapoanzia, kabla hajachanganya. Hata pasi isipomjia, mabeki wawili wapo naye, na mwenzake upande wa pili anapumua. Mtu anayewabadilishia watu kumi na mmoja mahali pa kusimama bila kugusa mpira, mimi simwiti mwenye mbio tu.

Hakuwa malaika wa uwanjani, nikubali. Tarehe 31 Desemba 1967 kule Green Bay, fainali ya ligi ilichezwa kwenye baridi ya nyuzi kama 25 chini ya sifuri. Hayes akawa anaficha mikono ndani ya suruali kila anapojua mpira hauji kwake. Mabeki wa Packers, timu ya wenyeji, wakamsoma kama gazeti: mikono ndani, msimwangalie. Dallas walifungwa 21 kwa 17. Hapo kijiwe kingekuwa na haki ya kumsema, ila kosa lilikuwa la mikono.

Pete aliipata Januari 1972, Dallas walipoichapa Miami 24 kwa 3. Baada ya kustaafu, mambo yakamwendea kombo: dawa za kulevya, kisha kifungo alichotumikia miezi kama kumi. Naamini hicho ndicho kilichomfungia Jumba la Mashujaa wa mpira wa Kimarekani. Sioni hesabu nyingine inayoeleza kwa nini mtu mwenye tachidauni 71 za kudaka na wastani wa yadi 20 kwa kila pasi asubiri kiasi kile. Alifariki Septemba 2002. Jumba lilimkubali 2009.

Nirudi Tokyo, kwenye mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne, maana pale "tu" lilijibiwa. Inasimuliwa kwamba Jocelyn Delecour, mkimbiaji wa mwisho wa Ufaransa, alimcheka Paul Drayton wa Marekani: hamtashinda, mnaye Bob Hayes tu. Na kweli, kijiti kilipomfikia Hayes, Marekani ilikuwa ya tano. Aliwapita wote wanne, Delecour akiwamo, akavunja na rekodi ya dunia. Ufaransa ikaishia na shaba. Drayton akamwendea Mfaransa yule: tulimhitaji huyohuyo tu.