Kompyuta ikitaja jeni za moyo, tuipime kwa mizani ipi?

Wanaobeza orodha za jeni za ugonjwa wa moyo zinazobashiriwa na kompyuta wana hesabu yao, nayo ni sahihi. Binadamu ana jeni 20,000 hivi zinazotengeneza protini. Tuseme 200 zinahusika na ugonjwa huo, na programu inanasa asilimia 80 ya hizo, huku ikisingizia asilimia 5 tu ya zilizobaki. Asilimia 5 ya 19,800 ni 990. Orodha itakuwa na jeni 1,150, za kweli 160: kama asilimia 14.

Hapo wengi hufunga daftari, na wanakosea. Orodha hii haimpi mgonjwa majibu. Inamwonyesha mtafiti pa kuanzia. Angeokota jeni 1,150 bila kuchagua, angepata 11 au 12 za kweli. Sasa anapata 160, na kwa kuwa zimepangwa kwa alama ambazo programu imezipa, anaanza na za juu. Kuzima jeni moja kwenye seli, kisha kwenye panya, ni kazi ya miezi, kwa hiyo tofauti hiyo si ndogo hata kidogo.

Tazama eneo la 1p13 kwenye kromosomu 1, linalohusishwa na LDL, ile kolesteroli mbaya, na mshtuko wa moyo. Badiliko la herufi moja ya DNA, lenye namba rs12740374, liko kwenye sehemu isiyotengeneza protini, ubavuni mwa jeni ya CELSR2. Kwa ujirani tu, CELSR2 ndiyo ingeshikwa. Kulinganisha badiliko hilo na data za jinsi jeni zinavyosomwa kwenye ini kulionyesha kwamba jeni nyingine, SORT1, iliyo mbali zaidi, husomwa kwa wingi kwa wenye herufi T. Mwaka 2010 majaribio yalithibitisha: T huunda mahali pa kushikia protini za C/EBP, ambazo huwasha jeni, na SORT1 ilipoongezwa kwenye ini la panya, LDL ilishuka.

Lawama nzito ni nyingine. Programu nyingi za aina hii hutegemea mtandao wa viunganishi kati ya protini zinazohusiana. Protini iliyochunguzwa sana ina viunganishi vingi kwa sababu tu imechunguzwa sana, basi hujitokeza juu kwa kila ugonjwa. Dawa yake ni kuvuruga mtandao mara 1,000, kila protini ikibaki na idadi yake ya viunganishi, kisha kulinganisha alama za mtandao halisi na za iliyovurugwa. Tena, programu ifundishwe kwa jeni zilizojulikana kabla ya mwaka fulani, ijaribiwe kwa zilizogunduliwa baadaye. Hata hapo jibu huvuja: hifadhidata ya STRING huunganisha protini pia kwa kutajwa pamoja kwenye makala, zikiwemo makala za ugunduzi wenyewe. Viunganishi hivyo viondolewe kabla ya jaribio. Alama zitashuka, lakini jeni zitakazobaki juu ndizo za kupeleka maabara.