Mama Askari na Wanangu

Kwa kuwa rafiki yangu wa boda ameshaitangaza kijiweni habari ya kikopo changu cha mbegu na askari wa getini, tena kwa chumvi gunia zima, wacha niwape ya kweli. Sikuzirai. Na sikulia sana.

Mnajua habari ya korodani yangu. Moja ilishatolewa kwa sababu ya saratani, na michango yenu niliiona, asanteni. Sasa kabla ya kemo, yaani dawa za kuua saratani, daktari akasema dawa zile zaweza kumaliza mbegu, nikaweke akiba. Kachumba ka kliniki kalinishinda. Ukuta mwembamba, nje nasikia watu wanabishana bei ya nyanya. (Mnaocheka, nendeni mjaribu.) Wakanipa kikopo nikatolee nyumbani: siku 3 za kujizuia, mate marufuku, sabuni marufuku, na kifike ndani ya saa moja kikiwa na joto la mwili. Joto la mwili! Nikakibana kwapani, nikapanda boda kutoka South B hadi kliniki Upper Hill, hapa Nairobi, nimejikunja kama kuku aliyevunjika bawa.

Dakika ya 41, getini. Askari ni mama wa makamo.

“Kijana, inua mikono.”

“Shikamoo mama. Huu mmoja unauma.”

“Marahaba. Inua.”

Nikainua wa kulia.

“Na mwenzake.”

Jamani. Niliuinua polepole, kama jangili aliyeishiwa risasi. Nikakisikia kinateleza. Kikagonga ubavu, kikagonga wa pili, kikatua kitambini juu ya mshipi. Nikashusha pumzi. Kumbe kushusha pumzi ndiyo kosa: kitambi kiliingia ndani, shati likachomoka, kikopo kikadondoka mezani kwake, kikazungukazunguka, kikatulia juu ya kitabu cha wageni.

Mama akakiinua juani. Foleni nzima ikainua macho.

“Hii nini? Uji?”

Akaanza kusoma lebo, kwa sauti: majina yangu yote matatu, tarehe, “saa ya kutolewa, mbili na dakika kumi…”

Nilikusudia kusema “sampuli”. Kilichonitoka ni, “Ni watoto wangu, mama.”

Akanirudishia kwa mikono miwili.

Kifuniko kilishika, maabara wakapokea dakika ya 52, wakagandisha kwenye naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, kemo ikaanza Jumatatu. Basi jana napita pale, kipara kinang’aa, mama akapaza sauti mbele ya watu:

“Baba watoto! Wanaendeleaje?”

“Wamelala, mama.”

“Wafunike vizuri. Kuna baridi.”