Nyuki wa Pwani Hurithi Pia Wepesi wa Kujifunza

Wafugaji nyuki wa mkoa wetu wa Tanga, wa Pangani kama wa Handeni, wakizungumzia urithi wa nyuki huishia kwenye ukali: kundi hili ni kali, lile ni pole. Kwa maoni yangu tunaliacha jambo lililo kubwa zaidi, kwa kuwa nyuki hurithi hata wepesi wa kujifunza.

Katika maabara nyuki hubanwa ndani ya kijineli chembamba, kichwa kikabaki nje, akapulizwa harufu, kisha vipapasio vyake vikaguswa kwa maji ya sukari, naye akatoa ulimi. Wapo ambao wakishaonjeshwa mara moja tu hutoa ulimi kwa harufu peke yake, kabla sukari haijafika, na wapo wanaohitaji kurudiwa mara nyingi. Mwaka 1988 mtafiti Christine Brandes na wenzake walionyesha kwamba mtu akizalisha nyuki kwa kuchagua wepesi mbali na wazito mbali, hupata koo mbili zinazotofautiana katika kujifunza na hata katika kukumbuka.

Hata hivyo, siungi mkono wazo la kutafuta mzinga wa nyuki wepesi watupu. Malkia hupandwa na madume zaidi ya 10, kwa hiyo mabinti wa baba mbalimbali hukaa mzinga mmoja. Baadhi yao wakizoea harufu isiyo na mbochi, yaani maji matamu ya maua, huipuuza, na hukawia kuishika hata siku inapoanza kuwa na faida. Wengine huishika upesi, na tofauti hiyo nayo ni ya kurithi. Hapa pwani, ambako maua ya miembe na ya mikoko yana majira yake, kundi linawahitaji wote wawili: wa kwanza hawapotezi safari kwenye maua matupu, wa pili huwahi maua yaliyofunguka.

Ndiyo maana urinaji wa asali kwa mwenge wa moto unanisikitisha sana. Nyuki wetu wa pwani, ambao tangu 1961 wanatambuliwa kitaalamu kuwa jamii ndogo ya peke yake, Apis mellifera litorea, wakichomwa pamoja na malkia na majana, yaani watoto wa nyuki walio ndani ya masega, mchanganyiko wote wa baba zao hupotea kwa ajili ya ndoo moja ya asali. Moshi kiasi unatosha, na masega yenye majana yaachwe mahali pake. Na anayegawa makundi ili kujaza mizinga mipya asichukue yote kutoka katika mzinga mmoja anaoupenda.