Tela la kutipu nililochomelea Texas, na fundi wa Gerezani, Dar, anayelipwa hela ya soda

Wakuu, kuna kitu kinanikera kila nikirusha picha za kazi zangu za huku kwenye grupu la familia. Juzi nimeweka picha ya tela la kutipu, yaani lile linaloinua bodi na kumwaga mzigo lenyewe, nililochomelea mwenyewe nyuma ya nyumba, basi binamu mmoja akaandika eti wenzetu wazungu wana akili ya kujitegemea, sisi tunakaa kusubiri fundi. Mwingine akadakia ndo maana hatuendelei. Nimeona nijibu huku kwa urefu maana kwenye grupu la familia hakuna anayesoma zaidi ya mistari miwili.

Ninapokaa ni nje ya Houston, sehemu za kaunti ambako mtu ana ekari mbili tatu, miti, mtaro mbele ya nyumba, na ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mvua ikinyesha unang'ang'ania buti mpaka unatoka na soksi tupu. Kazi ya kubeba vitu haiishi. Mara changarawe ya njia ya gari, mara kuni, mara kifusi, na kimbunga Beryl kilivyopita Julai 2024 kila uwanja ulikuwa na miti imelala. Kwa toroli utaumia tu. Sasa nenda dukani ukaulize tela jipya la kutipu, lile dogo dogo, utaambiwa dola elfu tano na kupanda. Haya, sema umwite fundi mwenye mashine yake kwenye gari aje kwako, hapo ni dola 75 mpaka 100 kwa saa, wengine zaidi, na wengine saa inaanza kuhesabiwa wakiwa bado barabarani. Ndo maana unamkuta daktari wa meno Jumamosi kavaa ovaroli kalala chini ya tela anagonga gonga. Mnaita akili ya kujitegemea, yule anakwepa bili bana.

Na vitu vya kumwezesha kukwepa hiyo bili anavyo. Chuma kinapatikana, grenda bei ya chini, mashine ya kuchomelea ya nyumbani unaweza kuilipia kwa mshahara wa wiki moja na chenji ikabaki. Umeme upo. Ekseli (chuma kinachoshika magurudumu) ya kubeba paundi 3,500, yaani kama kilo 1,590, ndo ya matela mengi madogo na imejaa kila mahali. Yangu nimepewa na mzee jirani, ilikuwa chini ya tela la boti lililooza, nikabadilisha beringi na grisi. Ilikuwa imepakwa zinki, kwa hiyo sehemu za kuchomelea nilisaga zinki yote kwanza, maana ule moshi ukiuvuta usiku unatetemeka kama una malaria.

Tela lenyewe halina maajabu. Chini chesesi ya chaneli (chuma chenye umbo la C), juu bodi, nyuma bawaba mbili nene, katikati silinda ya haidroliki (inayosukumwa na mafuta ya presha) na pampu ya betri ya volti 12 inayosukuma bodi kupanda, kushuka inashuka kwa uzito wake yenyewe. Kitu cha kuumiza kichwa ni mahali pa kuweka silinda. Silinda ya inchi 3 kwa presha ya paundi 2,500 kwa inchi ya mraba inasukuma karibu tani 8, mtu anasikia hivyo anadhani itanyanyua nyumba, kumbe bodi ikiwa chini silinda nayo imelala, nguvu karibu yote inaishia kusukuma mbele na kidogo sana ndo inaenda juu. Hapo ndo unawekewa ule mkasi wa vyuma viwili unaoibeba silinda ianze na pembe nzuri. Ikishanyanyuka kidogo mambo yanakuwa mepesi, pampu inabadilisha hata mlio.

Mzigo sasa. Yadi moja ya ujazo ya changarawe ni kama kilo 1,300. Toa uzito wa tela lenyewe kwenye ile ekseli, unabaki na pungufu ya yadi moja, kwa hiyo bodi nimeiweka fupi makusudi ili mtu akiazima asijaze mpaka juu. Changarawe kavu inateleza yenyewe vizuri tu, bodi haijafika hata nyuzi 45. Udongo wetu mweusi ukiwa na maji, aisee, unanyanyua mpaka mwisho wa silinda, mlango wa nyuma wazi, na mzigo umeganda pale pale kwenye bati kama ugali ulioungua, unaenda na koleo kuukwangua. Na ukienda kukwangua weka kwanza chuma cha kuzuia bodi, pampu usiiamini hata siku moja, mpira wa mafuta ukipasuka bodi inashuka bila kukupigia honi. Na mpira ukivuja usipapase kwa kidole, pitisha kipande cha boksi, yale mafuta yakiwa na presha yanaingia ndani ya ngozi.

Turudi kwa binamu zangu.

Nina shemeji fundi Gerezani. Nilimtumia picha kabla sijapaka rangi, swali lake la kwanza akaniuliza, "Shem, sasa nani alikuwa anakushikia chuma?" Nikamwambia hakuna, nilishikia klampu na sumaku. Akacheka sana, akasema pole. Maana kwake kuna dogo wa kushika, kuna mwingine wa kuleta rodi, na kuna watu watatu wapita njia wamesimama wanatoa ushauri bure. Neno la pili likawa la kazi: kwenye bawaba ongeza vipande vya pembetatu, hapo ndo patapasuka kwanza. Kaona hivyo kwenye simu, picha yenyewe ya giza. Mimi nilikuwa nimeangalia video usiku na usiku.

Huyu jamaa anatengeneza matela ya pawatila, vile vitrekta vya magurudumu mawili, bila mchoro. Anachora kwa chaki chini sakafuni, anakata, anapanga, halafu anachukua uzi anapima kona kwa kona, akishaona kona zote mbili zinalingana fremu imenyooka, anachomelea. Mashine yake imesukwa mtaani kwa waya wa shaba, machoni kavaa miwani ya jua (hili silisifii, macho yatakuja kumlipisha). Mwite huku Texas mpe vifaa vyangu, wiki moja mtaa mzima utakuwa na matela.

Tatizo lake liko kwenye malipo. Mteja akija, chaneli dukani ina bei yake, rodi zina bei yake, rangi ina bei, tokeni za umeme zina bei, hakuna hata moja mteja anayoweza kuibembeleza. Kinachobaki cha kupunguzwa ni hela ya ufundi. Basi hapo mtu aliyelipia chuma bila kuguna anaanza kulia njaa, "fundi si unagusa gusa tu hapo", mwisho anaacha hela ya soda. Na huyo huyo ndo atakwambia mafundi wetu hawako siriasi. Huku saa ya fundi haiguswi, ukiona ghali unajifundisha mwenyewe, nyumbani saa ya fundi ndo kitu cha kwanza kuchinjwa. Mimi kwa maoni yangu tofauti kubwa iko hapo kuliko hizo habari za akili.

Hata hili la kutipu ni hesabu hiyo hiyo. Dar lori la mchanga linakuja na vijana wanne juu na makoleo. Nani atanunua pampu ya dola mia tatu na ushee wakati kibarua wa siku nzima unamlipa shilingi elfu kumi, kumi na tano? Kwa karatasi mwenye lori yuko sahihi kabisa. Mgongo wa kijana haumo kwenye hesabu, basi. Nenda Mbarali, Mbeya, wakati wa mavuno ya mpunga, zile pawatila zilizosambaa tangu Kilimo Kwanza, ule mpango wa serikali wa 2009, zinavuta tela lenye mzigo wa kutosha, likifika watu wanashusha kwa mabega.

Kwa hiyo wale mnaonipigia niwatumie tela kwenye kontena, hapana, mtalipia hewa. Shemeji nimemwambia kwa nyumbani asihangaike na pampu kabisa. Kuna tela la kutipu lisilo na haidroliki wala betri: bodi unaikalisha kwenye bawaba iliyopita katikati kidogo kuelekea mbele, mzigo wa nyuma ukawa mzito kuliko wa mbele, halafu mbele unaifunga na pini. Ukichomoa pini bodi inapinduka yenyewe, mzigo chini, unairudisha kwa mkono. Ila isizidishwe hiyo nafasi, mbele ikiwa nyepesi mno tela zima litanyanyua mkono wa pawatila barabarani. Yeye kasema ataanza na mzigo wa kilo mia tano, ekseli atachukua ya kirikuu (kile kipikapu kidogo) iliyokufa, na pini ataifunga mnyororo maana bila hivyo itauzwa skrepa ndani ya wiki. Bei ya ufundi ameniambia anaiandika kwenye karatasi kabla ya kununua chuma, asiyeitaka aende kununua tela la Houston.